Kuchana

Studio ya Nanyaro ipo Unga Limited, nyuma ya mashine ya kusaga.
Tunarekodi usiku, mahindi yakishalala.
Ukutani, trei za mayai. Nilizihesabu umeme ulipokatika:
mia mbili na kumi na moja,
na yai hakuna.
"Utupu ndio fundi wangu," alisema Nanyaro gizani.
"Humo mngekuwa na mayai, sauti yako ingerudi kukupiga usoni."

Hip hop ya Chuga ni kifua, waliniambia.
Basi nikawa nachana kwa kifua.
Kuchana: neno letu hili lina meno.
Unachana shuka, unachana nywele, unachana mistari.
Mimi nilichana shuka tu,
majina ya walionidharau nikiyararua moja moja,
na pumzi ikiniishia kabla ya mstari wa nane.

Kitabu nilikinunua Kilombero, mia tano,
kati ya masweta na viatu vya mguu mmoja.
Hakina jalada, hakina jina la aliyekiandika.
Kinasimulia watawa wa Kibudha wanaokaa chini kuhesabu pumzi,
na Watao, watu wa Njia, waliokwenda mtoni kusoma maji.
Nikacheka. Mimi, Mlutheri wa kipaimara,
mtoto wa mwanakwaya wa Ilboru!
Lakini pumzi ndiyo mtaji wangu.
Moja.
Mbili.
Ya tatu ikaingiliwa na kodi ya chumba.
Moja tena.

Alfajiri nikashuka Themi.
Maji kidogo, yamebeba mfuko wa nailoni na kandambili ya kushoto.
Yalipofika kwenye jiwe hayakulidisi jiwe.
Yalipita pembeni, na mfuko wake, na kandambili yake,
yakaendelea na maneno yake.

Usiku ule Nanyaro alinichezea tarumbeta,
sekunde nne, kutoka santuri ya bendi ya dansi
ambayo wote wamekufa isipokuwa mpiga tumba,
naye hasikii tena.
Akakata, akazungusha.
Marehemu akapuliza, akafa, akapuliza, akafa.
"Si ndilo lile gurudumu la kitabu chako?"
Nilisikiliza mara arobaini.
Mara ya arobaini na moja tarumbeta ikanipotea,
nikasikia kilicho kabla yake:
mtu anavuta hewa,
zamani, hajui chochote kuhusu mimi.

Halafu diski ikaungua.
Nyimbo kumi na moja, miezi saba, harufu ya plastiki.
Kitabu kinasema usishikilie.
Kitabu hakikulipia studio.
Nililia siku mbili. Ya tatu nikarudi saluni Ngarenaro,
maana nywele za watu hazingoji msanii apone.

Aliletwa mtoto, Nasinyari, miaka sita,
kichwa kimefungamana kama uzi aliochezea paka,
machozi tayari, kabla sijagusa.
Mkono wangu ulijua nisichokijua.
Huanzii shinani. Unaanzia nchani,
unashika shina kwa vidole lisiumie,
unachana kidogo, unaacha, unachana.
Kifundo hukishindi.
Kinachoka kuwa kifundo.
Mtoto alisinzia pajani pangu na bazoka mdomoni,
nami nikasimama pale pale, kitana hewani,
kama mtu aliyeitwa jina lake na asiyemwona aliyeita.

Ijumaa nikarudi kwenye kinasa sauti.
Sikuwa na daftari.
Nilianzia nchani: ushungi wa mama, bei ya rasta,
kandambili ile, ilifika wapi.
Walionidharau walipita humo pia, sikuwafukuza,
sikuwakaribisha chai.
Katikati nikaacha mistari miwili mitupu.
Chalii aliyekaa mlangoni akadhani nimesahau,
akafungua mdomo anikumbushe;
Nanyaro akamwinulia kidole, hakukata.

Baadaye tuliirudia, sauti juu.
Mdundo ukaja, maneno yakaja, yakaisha.
Pale patupu, wazi kabisa,
mtu akavuta hewa.
Tukatazamana.
Hatukuweza kusema kama ni mimi au ni yule wa tarumbeta,
na hakuna aliyesogea kwenda kuangalia.